Kirikuu mbovu, mkopo mzima

"Shikamoo wakili. Mwezi wa tatu nilinunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwenye yadi hapa Mbeya kwa milioni 9.5. Milioni 4 zilikuwa zangu, 5.5 nikakopa kampuni ya mikopo kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, dhamana ni kirikuu yenyewe, kadi ya gari wanayo wao na kadi yangu ya benki wanayo pia na namba ya siri wanaijua. Wiki ya tatu natoka Tukuyu na mzigo wa ndizi, napandisha Isyonje ikachemsha ikazima. Fundi anasema gasketi imeungua, maji yameingia kwenye oili, na hiyo injini ilishafunguliwa zamani, wakati jamaa wa yadi aliniandikia WhatsApp kuwa injini haijaguswa. Nikampigia, akasema uliikagua mwenyewe na risiti imeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi. Nikatengeneza kwa laki 7, mwezi wa tano ikarudia. Nikaona haiwezekani nilipie gari bovu, nikasimamisha marejesho. Sasa ni mwezi wa saba, wanampigia mama mkwe wangu, wamenirusha picha kwenye grupu la WhatsApp la soko wameandika TAPELI, na wanasema wanakuja na polisi wabebe gari. Hivi sheria haimlindi mnunuzi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole, maana kupandisha Isyonje na mzigo kwenye gari zima tu ni kazi, sembuse hiyo. Sheria inakulinda, tena kwa pande zote mbili, upande wa yadi na upande wa hao wa mikopo. Ila kuna kitu kimoja umekifanya ambacho kinakuharibia kesi yako nzuri, na ni hicho cha kusimamisha marejesho kimya kimya. Ntaanza na hapo kwa sababu ndo panapokuumiza leo, ya yadi tutayarudia.

Wewe kichwani mwako una jambo moja, yaani kirikuu. Ulinunua kirikuu, ukakopa kwa ajili ya kirikuu, kirikuu imekufa, basi na mkopo ungojee. Kisheria hapo kuna mikataba miwili ambayo haijuani. Mmoja ni wako na yadi, yeye akupe gari nawe umpe hela. Mwingine ni wako na kampuni, yeye akupe 5.5 nawe uirudishe na riba. Kampuni ilipotoa ile hela ikawa imemaliza kazi yake, haikukuahidi injini. Kwa hiyo ubovu wa gari unakupa dai dhidi ya yadi, haukupi ruhusa ya kumnyima kampuni. Ingekuwa yadi yenyewe ndo imekuuzia kwa mkopo, unamlipa yeye kidogo kidogo, hapo tungeongea lugha nyingine, maana sheria ya mauzo inakuruhusu mnunuzi kukata hasara ya ubovu kwenye bei unayodaiwa na muuzaji huyo huyo. Lakini sivyo ilivyokuwa kwako. Na ukumbuke kama una mdhamini aliyesaini, kila mwezi unaopita bila kulipa unamsogelea yeye pia, maana mdhamini kwa Sheria ya Mikataba anadaiwa kama unavyodaiwa wewe.

Kwa hiyo wiki hii hii waandikie barua. Usipige simu, andika. Sema unalitambua deni, sema gari imekufa na lini, omba kupangiwa upya marejesho, na ambatanisha chochote unachoweza kulipa sasa hata kama ni laki moja na nusu, kwa njia inayoacha risiti. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea. Mtu anayelipa kidogo huku anaandika barua, mbele ya hakimu anaonekana mtu mwingine kabisa na yule aliyezima simu miezi miwili.

Sasa hiyo riba. Hapa nilipofika nikaweka kikombe cha chai chini. Kampuni au mtu anayekopesha bila kupokea amana za watu yuko kwenye kile ambacho Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inakiita Daraja la Pili, lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba kwa daraja hilo kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Wewe umepigwa 10. Piga hesabu, ukichukulia riba inakokotolewa kwenye mtaji wote: asilimia 10 ya 5.5 ni 550,000 kila mwezi, asilimia 3.5 ni 192,500. Tofauti ni 357,500 kwa mwezi, hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya ile laki 7 uliyompa fundi. Kwa hiyo kwenye ile barua usiishie kuomba huruma, waombe mchanganuo wa deni kwa maandishi, mtaji kiasi gani, riba kiasi gani, faini kiasi gani, na uulize namba ya leseni yao. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, angalia jina kamili lililo kwenye mkataba, sio lile la kwenye bango, kuna watu bango ni jina moja na mkataba ni jina jingine.

Usichanganye hapo. Kukuta hawana leseni, au riba imezidi, hakukupi tiketi ya kula mtaji wa watu. Ile 5.5 uliipokea na utairudisha. Kinachobishaniwa ni juu yake.

Na hiyo kadi ya benki na namba ya siri, kaichukue, na ukishaipata badilisha namba siku hiyo hiyo. Kadi ya gari kukaa na mkopeshaji kama dhamana ni jambo la kawaida, lakini kushikilia kadi ya ATM na namba ya siri ya mteja Benki Kuu imekataza. Wakikataa kuirudisha nenda benki yako uizuie, wakupe nyingine.

Mama mkwe sasa. Huyu hakusaini popote, hakupewa hata ndizi moja, hivyo hawana biashara ya kumpigia. Mdhamini wako wanaweza kumtafuta, huyo aliweka sahihi, lakini mtu ambaye jina lake limetolewa tu kwenye simu yako au kwenye fomu kama "ndugu wa karibu" sio mdaiwa. Kanuni za Benki Kuu za kulinda watumiaji wa huduma za fedha za 2019 zinakataza kudai kwa vitisho na kudhalilisha, na tangu tarehe 1 Mei 2023 inafanya kazi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuna Tume yake kabisa, taarifa zako na za mama mkwe zikikusanywa kwa kazi ya mkopo haziwezi kugeuzwa kuwa fimbo ya aibu. Picha ya grupu la soko yenye neno TAPELI ni nzito zaidi, inaweza kuingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na pia inaweza kuwa kashfa unayoweza kuidai fidia. Ila unahitaji ushahidi: piga skrinishoti inayoonyesha namba iliyotuma, saa, tarehe na jina la grupu, na usiifute hiyo grupu hata kama inakuuma kuiona. Najua unatamani kutoka. Vumilia kidogo. Mwambie na mama mkwe asiwatukane, akipigiwa aandike tu namba na saa.

Kuhusu polisi, hili naulizwa kila wiki kuanzia Mwanjelwa mpaka Mbalizi. Kushindwa kulipa deni sio jinai. Polisi sio watoza madeni, na mkopeshaji anayekwambia "tunakuja na RB", yaani namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi, mara nyingi anacheza na hofu yako tu. Inakuwa jinai pale mtu aliposema uongo ndo akapewa hela, mfano ameweka dhamana gari ambayo sio yake au kitambulisho cha kughushi, hapo ni kujipatia mali kwa udanganyifu. Wewe hukufanya hivyo. Ndio, sheria ya mwenendo wa madai inayo kitu kinaitwa mfungwa wa madai, mdaiwa anaweza kupelekwa ndani, lakini hiyo ni mwisho wa safari ndefu: kesi imefunguliwa, umehukumiwa kulipa, wameomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe, umepewa nafasi ya kujieleza mbele ya hakimu, na hata hapo anayekudai ndo analipia chakula chako ukiwa ndani. Ndo maana huwaoni wengi wakiifuata hiyo njia. Ukiitwa kituoni nenda, usikimbie, nenda na mkataba na risiti, sema hili ni deni la mkataba, na usisaini karatasi ya "nakubali kulipa kesho kutwa" ambayo unajua huiwezi.

Kubeba gari ni habari tofauti kidogo na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kirikuu uliiweka dhamana kwa sahihi yako, na mikataba mingi ya aina hiyo inampa mkopeshaji haki ya kuichukua ukikwama. Soma kifungu hicho, kinasema baada ya siku ngapi na kwa notisi gani. Haki ya kuchukua sio haki ya kuvunja geti saa kumi usiku au kumnyang'anya dereva wako funguo pale Uyole akiwa na abiria mbele. Wakija, waombe barua ya kampuni, vitambulisho vyao, na kama wanajiita madalali wa mahakama waonyeshe amri ya mahakama, maana dalali wa mahakama hafanyi kazi kwa maneno. Muite mwenyekiti wa mtaa. Kama karatasi ziko sawa usipigane, ila andikeni makabidhiano: kilometa ngapi, matairi yakoje, betri ipo, injini ni mbovu, piga picha pande zote, wasaini. Ikiuzwa una haki ya kujua imeuzwa shilingi ngapi, ikizidi deni kinachobaki ni chako, ikipungua bado unadaiwa pengo. Na kirikuu yenye injini iliyokufa kwenye mnada itaenda kwa bei ya vyuma, ndo maana nakusukuma uandike barua ya mpango mpya kabla hawajafika.

Haya, turudi yadi.

Jamaa ana hoja mbili, risiti na ukaguzi. Ya risiti ni nyepesi. "Mali ikiuzwa hairudishwi" imechapishwa kwenye vitabu vya risiti nchi nzima utadhani ni sheria ya Bunge, kumbe ni maneno ya mchapaji tu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani, ukimwambia unaitaka kwa kazi gani na ukamtegemea yeye, bidhaa lazima ifae kwa kazi hiyo, na lazima iwe na ubora wa kuuzika. Juu yake kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na FCC wenyewe wamekuwa wakiyapiga vita hayo maandishi ya mali hairudishwi. Angalia neno mfanyabiashara. Ungenunua kwa mwalimu mstaafu anayeuza gari yake moja, ulinzi wa ubora ungekuwa mwembamba sana. Lakini huyu ana yadi, kuuza magari ndo kazi yake.

Hoja ya ukaguzi ina uzito zaidi kidogo. Sheria inasema kama mnunuzi aliikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Taa imevunjika, tairi kipara, bodi imeoza, hizo ulizikubali. Sasa jiulize uliikaguaje. Naamini ni kama wote tunavyokagua, asubuhi, injini ya baridi, mmezunguka raundi mbili barabara tambarare, umefungua boneti umeona kumeoshwa kunang'aa ukaridhika. Mbeya hii tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na baridi yake unaijua, gari yenye ugonjwa wa kuchemsha inaweza kuzunguka mjini siku nzima bila kuonyesha kitu, mpaka uipe mlima na mzigo. Kasoro ya ndani ya injini haionekani kwa macho, na kama ilizibwa makusudi ndo kabisa. Muulize fundi wako alipofungua mara ya kwanza aliona nini. Aliona silikoni mpya imebanwa kwenye maungio? Boliti za silinda hedi zina alama za spana? Ndani ya rejeta kulikuwa na ule unga wa dawa ya kuzibia uvujaji? Hivyo vitu vidogo ndo vinaongea mahakamani, kuliko wewe kulia kwamba umeibiwa.

Halafu una dhahabu ambayo hujaiona: ile meseji. "Injini haijaguswa." Muuzaji akisema tu "gari kali sana hii boss" hayo ni maneno ya soko, hakuna hakimu atakayemfunga nayo. Lakini kusema injini haijaguswa ni kueleza jambo mahususi ambalo ama ni kweli ama ni uongo. Likithibitika ni uongo na ndo lililokufanya ununue, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakuruhusu kuutengua mkataba au kudai uwekwe kwenye hali ambayo ungekuwa nayo maneno yale yangekuwa kweli. Itoe kwenye simu hiyo meseji leo, ihifadhi sehemu mbili, simu zenyewe zinaanguka chooni.

Unaweza kurudisha gari? Ungeniuliza mwezi wa tatu ningesema ndio, irudishe yadi kesho asubuhi na barua mkononi. Sasa hivi nasita. Haki ya kukataa bidhaa inaisha ukishaikubali, na kuikubali sio lazima useme, ukikaa nayo muda wa kutosha bila kutamka unaikataa, ukaibebesha ndizi, ukaifungua injini ukatengeneza, unahesabika umeikubali. Wewe ulimpigia simu tu, hukuandika. Kinachobaki na ambacho hakijafa ni fidia: gharama ya matengenezo, au tofauti ya thamani ya gari uliyoahidiwa na hii uliyopewa. Hela ulizokosa za safari za Tukuyu unaweza kuzidai pia, ila bila daftari ni maneno. Muda wa kufungua dai la mkataba ni miaka 6, kwa hiyo huo hautubani, kinachotubana ni ushahidi kuyeyuka. Ndo maana kauli ya udanganyifu, ile meseji, naipa nafasi kubwa kuliko ubovu wenyewe.

Jambo jingine nakuuliza hapa ujijibu mwenyewe. Mkataba na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, vinasema 9.5? Kuna mchezo unachezwa kwenye mayadi, mnunuzi anaombwa wakubaliane kuandika milioni 6 ili kodi ipungue. Kama ulikubali, hiyo 3.5 iliyobaki utahangaika kuithibitisha, labda kama ilipita benki au kwenye simu. Mi mwenyewe niliye wakili niliwahi kusaini karatasi ya "nimeikagua na nimeridhika" kwa kigari cha mkononi nikiwa na haraka ya kwenda harusini Iringa, kikazima Makambako, kwa hiyo sikucheki.

Njia unazo kama tatu. Ya kwanza ni kumwandikia yadi barua ya madai, mpe siku 14, taja kiasi, ambatanisha ripoti ya gereji. Wengi wanalegea hapa, hasa wakiona imeandikwa vizuri na nakala imeenda FCC. Ya pili ni FCC wenyewe, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya, wanapokea malalamiko na kumwita muuzaji, huhitaji wakili. Kwa hao wa mikopo ofisi yako ni Benki Kuu, tawi la Mbeya lipo, au mfumo wao wa malalamiko wa Sema na BoT, lakini watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa kampuni kwa maandishi, unaona ile barua inavyorudi tena. Ya tatu ni mahakama. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mikataba mpaka milioni 30, Kiswahili mwanzo mwisho, ila dai lenye tuhuma za udanganyifu na fidia mtu wa sheria akuangalizie kama liende Mwanzo au Wilaya, ukikosea mlango unarudishwa mwaka umeisha. Mi ningekuwa wewe ningeanza barua na FCC kwa pamoja, mahakama naiweka mfukoni. Kesi ya miezi kumi na nane kwa ajili ya hela ya matengenezo, huku riba inatembea, inaweza kukumaliza ukiwa umeshinda.

Usisubiri majibu ya maandishi kama haya, tafuta mtu wa ana kwa ana, ukipokea hati yoyote yenye muhuri wa mahakama, maana kuna siku zinahesabika na ukizipitisha hukumu inatoka bila wewe. Vivyo hivyo wakija kubeba gari, ukiitwa polisi mara ya pili, au mdhamini wako akianza kusumbuliwa. Kama hela ya wakili hakuna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri yako wakuelekeze walio karibu, barua hizi mbili wanaweza kukuandikia.

Na kabla hujamruhusu fundi afungue injini mara ya pili, peleka gari kwenye gereji inayotoa ripoti ya maandishi yenye muhuri, sio ile ya kuongea, wapige picha kila kitu kinavyotoka. Ile gasketi ya zamani kama fundi hajaitupa ichukue, na oili ile iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa mwambie akuwekee kwenye chupa, funga, andika tarehe.